Spea za Jiko la Mwenzangu

Siku hizi ukiingia Kikuubo, soko la jumla hapa Kampala, unakuta spea za jiko la gesi zimening'inizwa kwenye waya kama samaki wa kukaushwa. Swichi, mipira, reguleta, nozo za kila namba, kazi yako ni kuchagua. Mimi nikifika pale huwa naangalia upande mwingine. Wanaotembea nami wanadhani ni maringo. Si maringo. Huwa nasema moyoni kwamba vitu hivi vingekuwepo miaka ile, mimi na mwenzangu tungekuwa bado tunaitana dada. Halafu najijibu mwenyewe: uongo mtupu. Ukosefu wa spea haukula amana ya mtu. Watu ndio waliokula, na nawajua wote. Nitawataja mmoja mmoja kwa walichofanya. Majina nitayaacha, maana wana watoto na watoto hawana kosa.

Vita vilipokwisha mwaka wa themanini na sita, mume wangu alikuwa polisi na alibahatika kubaki na kazi. Tulikaa kwenye laini za polisi, vyumba vya bati vilivyopangwa mgongo kwa mgongo, ukikohoa jirani anakupa pole. Mimi ni mtu wa West Nile. Nilikimbia nikiwa msichana, nikarudi, nikakimbia tena. Nimezika watu wangu katika nchi mbili. Jirani yangu wa ukuta alitoka Gulu, naye alikuwa mke wa polisi, na yake aliyoyaona hakuwa akiyasimulia. Lugha yake siijui, yangu haijui, Kiganda kilitupiga chenga sote wawili, basi tukashika Kiswahili cha kambini. Ndicho tulichogombania, ndicho tulichochekea.

Yeye ndiye aliyenitafutia kazi. Alikuwa mpishi kwa wageni wawili wa ng'ambo, Nakasero, mtu na dada yake, walikaa katika fleti mbili za ua mmoja. Akawaambia anamjua mama anayefua nguo vizuri. Sikuwa nafua vizuri, alinisemea tu. Nikaingia. Nilifua, nilipiga pasi, na nikimaliza nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikimtazama mwenzangu anavyooka keki. Madamu wake alimfundisha, naye akanifundisha mimi. Alikuwa akinishika mkono juu ya bakuli, "Usipige kama unamchapa mtu, dada. Geuza. Geuza kama unamgeuza mtoto aliyelala." Kila keki niliyopata nayo riziki baadaye ilitoka kwenye mkono ule. Nalisema hili mapema ili mjue nilikula amana ya nani.

Wale wageni walipomaliza kazi yao wakarudi kwao, hawakutaka kuhangaika na vyombo. Kila fleti ilikuwa na jiko la gesi, na yote mawili yalikuwa sawasawa, yamenunuliwa siku moja kwenye duka moja la kwao: meupe, midomo minne juu, oveni chini yenye mlango wa kioo. Moja akapewa yeye, moja nikapewa mimi. Tuliyashusha kutoka Nakasero kwa mikokoteni miwili, sisi tukisukuma nyuma huku tunaimba.

Laini nzima ilitoka kutazama.

"Hee! Hawa sasa wanapikia upepo!" alisema mke wa sajini mmoja, mwanamke wa maneno.

"Upepo una moto, we subiri," mwenzangu akamjibu.

"Nisubiri nini? Matoke yanataka makaa na majani ya ndizi. Hicho chenu ni kitanda cha hospitali."

Tulicheka mpaka tukashika kuta. Lakini Jumapili ile tulipooka keki ya kwanza, mke wa sajini ndiye aliyekula vipande vingi zaidi.

Sasa nije kwenye kosa la kwanza, na hili ni langu. Sisi tulikulia kwenye primasi, lile jiko la mafuta ya taa la kupampu. Primasi ina pini yake. Kila asubuhi kabla hujawasha, unachokoa kile kitundu, masizi yatoke, moto uwe wa bluu. Mkono wangu ulishazoea hivyo. Basi nami kila asubuhi nilifungua midomo ya jiko langu la gesi, nikachukua pini ya primasi, nikachokoa nozo. Nozo ni kale kakitu ka shaba ya njano chini ya mdomo wa jiko, kana kitundu chembamba kuliko unywele, gesi inapita hapo. Mimi niliona natunza. Nilijiona mama msafi kuliko wote.

Mwenzangu aliniona siku moja. "Dada, madamu hakuwahi kuchokoa hapo."

"Madamu hakuwahi kukaa na primasi," nikamwambia. "Wewe la kwako liache lizibe, utakuja kuniazima pini."

Akatikisa kichwa akaenda zake. La kwake hakulichokoa hata siku moja, alilipangusa kwa kitambaa cha maji ya sabuni, basi. Baada ya mwaka moto wake ulikuwa bado mfupi na wa bluu. Wangu ulikuwa mrefu, wa njano, unacheza kama bendera, na kila sufuria iliyopanda pale ilishuka nyeusi. Nilikuwa nimekipanua kile kitundu kwa pini yangu mwenyewe. Gesi ya mwezi ilikuwa inaisha kwa wiki moja. Kosa hilo nimeshajisamehe. Sikujua. Yaliyofuata ndiyo niliyoyajua.

Mume wa mwenzangu alihamishiwa kaskazini. Huko vita vilikuwa havijaisha, vilikuwa vimehama tu. Mwenzangu akafunga mizigo kumfuata. Jiko halikuweza kwenda, lori lilikuwa la watu na magodoro. Siku ya kuondoka tulilisukuma jiko lake mpaka chumbani kwangu, tukaliegemeza ukutani karibu na langu. Akalifunika shuka, akafunga kwa kamba ya katani, mafundo matatu.

"Nakuwekea, dada," alisema. "Mtungi utumie, gesi isilale bure. Lakini jiko usiliguse. Nikirudi tunafungua kazi ya keki, mimi na wewe, majiko mawili, mpaka harusi za mawaziri tutaoka."

"Nani aliguse? Wewe nenda."

"Sema sitaligusa."

"Sitaligusa. Haya, nenda, lori litakuacha."

Ndiyo maneno yenyewe. Hapakuwa na karatasi wala shahidi, na mimi ni Mwislamu, najua amana ni kitu gani.

Alipoondoka nilianza kuoka peke yangu. Watu walikuwa wanaoana kama wanaolipiza miaka ya vita, na kila kwanjula, siku ile ya kijana kujitambulisha kwa wakwe, ilitaka keki. Lakini kwa moto wa njano keki haioki, inaungua chini na katikati inabaki uji. Nilihitaji nozo mpya. Nikaenda kuitafuta.

Nilizunguka Kampala kama mtu aliyepoteza mtoto. Nakasero kwa wauza vyombo wakacheka, wakasema hawajawahi kuona mtu anayetaka kipande cha jiko, watu wanataka jiko. Katwe mhunzi mmoja alisema atanichongea, akapima kwa jicho. Mwisho nikaelekezwa Kisenyi, kwenye magereji, kwamba kule hata roho ya gari iliyokufa inapatikana.

Hapo ndipo alipo mtu wa kwanza ninayemtaja. Alikuwa na kibanda cha spea za lori. Nikampa nozo zangu zote za juu na ile ya oveni, kama sampuli alinganishe. Akazigeuza kwenye kiganja, akaingia nyuma, akarudi.

"Mama, una bahati. Ninazo. Orijino."

"Za jiko hili hili?"

"Hili hili. Mimi nikudanganye, kesho nitakutazamaje?"

Nilifika nyumbani nikafunga. Nikawasha. Moto ukaruka mpaka kwenye pazia, nikaufunga nikiwa nimeungua nyusi. Alikuwa ameniuzia nozo za kabureta, kile chombo cha petroli cha injini. Za kabureta ya lori! Nyuzi za skrubu zinafanana, ndiyo maana ziliingia. Nilirudi asubuhi kudai zangu za zamani, angalau hizo mbovu. Akasema ametupa. Wenzake wakacheka, mmoja akaniuliza jiko langu linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Yule mtu alijua alichofanya. Alinitazama vizuri tu ile kesho yake.

Sasa nilikuwa na jiko lisilo na nozo hata moja, na keki ya watu ya Jumamosi.

Wa pili ni fundi. Huyu alikuwa Mkongo wa Bukavu, mkimbizi, anatengeneza primasi na majiko ya gesi chini ya mwavuli nje ya laini zetu, vyombo vyake vyote viko ndani ya kopo la maziwa. Mtu mpole, wa kanisa, hakunywa. Alikuja chumbani akatazama jiko langu. Halafu akatazama ukutani.

"Mama, na ile pale iko ya nani?"

"Ya mwenzangu. Haiguswi."

"Iko sawasawa na hii yako?"

"Sawasawa."

"Basi mama, minakwambia ukweli. Hii Kampala yote hautapata. Dawa yako iko hapa ndani ya nyumba." Akagonga lile shuka kwa kidole. "Tunaazima tu. Ukipata ingine, tunarudisha. Mwenyewe hata hatajua."

Nikamwambia aende zake. Akaenda. Hilo nalisema kwa haki yake, alienda bila neno la pili.

Wa tatu ni mume wangu. Ameshafariki, Mungu amrehemu, lakini alichosema alikisema. Jioni ile alivua buti, akasikiliza shida yangu, akasema, "Huyo harudi. Barabara ile unaisikia kwenye redio. Kitu cha mtu asiyerudi ni cha nani? Fungua, oka keki, watoto wanataka sare."

Kwa hiyo asubuhi nilimwita fundi. Niliyafungua yale mafundo matatu kwa mkono wangu mwenyewe, fundi hakuyagusa. Akatoa nozo kwenye jiko la mwenzangu akatia kwenye langu. Moto ukatoka bluu, mfupi, umetulia kama maji kwenye beseni. Keki ya Jumamosi ilisifiwa sana.

Sikuacha mashimo wazi. Zile nozo za kabureta nikamwambia fundi azifunge kwenye jiko la mwenzangu, mende wasiingie. Nilimwambia hivyo, mende. Kumbe nilikuwa najenga uongo ambao ungenitumikia miaka.

Haukupita muda mrefu, waya wa usalama wa oveni yangu ukafa. Ni waya mwembamba wa shaba nyekundu, ncha yake inakaa ndani ya moto, moto ukizimika wenyewe unafunga gesi. Ukifa, ukiachia swichi tu moto unazimika, huwezi kuoka mpaka ukae umeshika swichi saa nzima. Kisenyi sikurudi tena kwa hofu ya kuchekwa. Waya nikautoa kwa mwenzangu. Wangu uliokufa ukaingia kule. Baadaye swichi mbili zikapasuka kwa joto, nikabadilisha. Baadaye ile themostati inayopima joto la oveni. Baadaye bomba la moto la chini lilioza kwa kutu, nikabadilisha hilo nalo, na siku hiyo fundi alikaa kitako akanitazama.

"Mama, sasa hii yako ndiyo yake, na yake ndiyo yako."

"Funga, fundi."

"Minafunga. Lakini mama, huyu mtu yuko muzima?"

Nilimlipa, akaenda. Mwenzangu alikuwa mzima. Nilijua. Mume wake alikuwa ameuawa barabarani, yeye alikuwa kambini, kwenye vibanda vya nyasi walikokusanywa watu wa vijijini. Alinitumia salamu kwa polisi mmoja aliyekuja likizo. Yule polisi alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi, akasema, "Anakusalimu sana. Anauliza vitu viwili. Watoto wako hawajambo? Na jiko lake lipo?"

"Mwambie lipo," nikasema. "Mwambie nalipangusa kila Jumamosi."

Na kweli nililipangusa. Kila Jumamosi niliondoa shuka, nikasugua enameli mpaka ikang'aa, nikasafisha kioo cha mlango, nikafunika tena, nikafunga mafundo matatu kama alivyofunga yeye. Ukiliona ungesema limetoka dukani. Ndani yake palikuwa na maiti tupu.

Alirudi baada ya miaka minane. Alikuwa amekonda, nywele zimeota mvi upande mmoja, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji. Alisimama mlangoni, akalia, mimi nikalia. Tulikumbatiana mpaka majirani wakaanza kupiga vigelegele. Nilimpa chai. Hakunywa, macho yalikuwa ukutani.

Akafungua yale mafundo mwenyewe, polepole, kwa vidole vile vigumu. Shuka likaanguka. Jiko likang'aa.

"Dada!" akasema. Akapiga magoti, nakuambieni, akapiga magoti kwenye sakafu yangu akanishika miguu. "Dada, umelitunza. Kule kila mtu aliyeachiwa kitu ameuza. Ng'ombe wa mume wangu shemeji zangu wamekula. Wewe tu. Wewe tu ndiye uliyenitunzia kitu."

Mtu wa nne ninayemtaja ni mimi, na kosa langu kubwa ni la dakika ile. Nozo na waya ni wizi, nakubali, lakini mtu akiwa magotini pako anakushukuru, mdomo wako una nafasi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, dada simama, nisikilize. Hata angenipiga kofi, tungekuwa bado watu. Mimi nilimshika mabega nikamwinua, nikasema, "Na wewe ungenifanyia vilevile."

Hapo hapo akaniambia habari zake. Amepata chumba upande wa Kireka, kwenye machimbo ya mawe, ambako watu wengi wa kwao walikuwa wanaponda kokoto. Yeye hawezi kuponda, vidole havishiki nyundo. Lakini mama mmoja wa kanisani kwao anaoza binti, na amemwahidi kazi ya keki, ngazi tatu, Jumamosi ijayo. Akiiweza hiyo, kuna nyingine nyuma yake. Amekopa mtungi, amenunua unga na mayai. Kilichobaki ni jiko tu.

"Mungu aliliweka kwako," alisema.

Akaita pikapu. Nilisaidia kulibeba. Nilishika upande wa oveni, nikasikia mabovu yangu yakigongana ndani, na nikasema, "Angalieni kioo, kisivunjike."

Siku mbili nilikaa nikisubiri, sijui nasubiri nini. Keki zangu ziliungua zote mbili wiki ile, kwa mara ya kwanza tangu nianze. Siku ya tatu akaja fundi kabla ya mwenzangu, akasimama nje bila kuingia.

"Mama, jana mwenzako amenitafuta chini ya mwavuli, nimeenda Kireka," alisema. "Nimefungua. Nimekuta kazi ya mikono yangu yote."

"Ukamwambia nini?"

"Ameniuliza, nimejibu. Mimi niko Mukristo, mama. Kutoa nilitoa. Kudanganya siwezi."

Yule maskini tangu siku ile hakurudisha mguu kwangu, mpaka alipohamia kwingine na mwavuli wake.

Mchana wa siku ile ile akaja mwenzangu mwenyewe. Nilishajiandaa. Mtu mwoga hujiandaa vizuri kuliko shujaa. Nikamwambia kabla hajakaa, "Dada, nimesikia. Ni yule Mkongo. Nilimwita kutengeneza langu, nikatoka kwenda sokoni, kumbe..."

"Mkongo ndiye aliyeniambia," akasema.

Akakaa. Chumbani jiko langu lilikuwa linawaka, nilikuwa nimebandika maji. Moto ulikuwa wa bluu, mzuri. Aliutazama ule moto muda mrefu. Hakupiga kelele wala kunitukana. Laiti angenitukana, laini nzima ingetoka, mke wa sajini angeamua ugomvi, tungepatanishwa kwa kelele kama watu wa kawaida.

"Leo Alhamisi," alisema. "Sitaki kesi. Nipe hili niende nalo nikaoke keki ya watu. Jumapili nakurudishia, tena na mkokoteni juu yangu."

Na mimi nilikuwa na keki yangu ya Jumamosi. Ya mkubwa mmoja wa mume wangu, ya binti yake. Mume wangu alikuwa akitegemea cheo. Nikamwambia, "Dada, wiki hii haiwezekani. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo binti atakuwa ameshaolewa."

"Oka hapa kwangu, usiku..."

"Oveni yako imebakiwa na siku mbili mpaka Jumamosi, na keki yako ni ya ngazi ngapi?"

"Nne."

"Basi," akasema. Akasimama. Alifunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, kama mtu anayetoka kanisani. Mlangoni akageuka. "Ungenitumia salamu tu kwamba umetoa vitu. Kule kambini ningesema, sawa, angalau linamlisha dada. Ningefurahi. Kweli ningefurahi."

Hilo ndilo lililobaki kwenye mwili wangu. Vita vilinipitia na sikuwa na kovu, sasa ninalo.

Keki ile ya ngazi nne ilisifiwa. Cheo mume wangu hakupata.

Miaka ikaenda. Laini zetu zilibomolewa, mume wangu akafa, nikahamia kwa mwanangu. Na hapo ndipo Kikuubo palipojaa spea. Mara ya kwanza kuona nozo zimefungwa kumi kumi kwenye kaveera, kale kamfuko ka plastiki, nilikaa chini kwenye ngazi za duka, mwenye duka akaniletea maji akidhani ni jua. Nikaanza kununua kidogo kidogo, kila nikijaliwa. Nozo, nikizipeleka kwa fundi mwingine azipime kwa jiko la aina ile. Waya wa usalama, swichi, mpira na reguleta. Themostati ilinichukua mwaka, ikapatikana kwa Msomali mmoja Kisenyi kulekule, mtu mwaminifu, alinipa nijaribu kwanza. Bomba la oveni nilichongesha. Vilipotimia nikaviweka kwenye mfuko, nikauliza mpaka nikapaelewa anapokaa, nikaenda Kireka.

Nilimkuta barazani. Amenenepa kidogo, amevaa miwani, anauza mandazi. Na jiko lake lilikuwa pale pale barazani, jeupe, limepauka. Oveni ilikuwa kabati. Mandazi yamepangwa ndani juu ya gazeti safi, wateja wanayaona kupitia kile kioo, nzi hawaingii. Kwenye midomo minne ya juu alikuwa amesimamisha vikombe. Sigiri ya makaa ilikuwa pembeni na karai la mafuta linachemka.

"Karibu," alisema. Hakusema dada. "Umeleta nini?"

"Spea," nikasema. "Zote. Zinaingia, nimezipima."

Akafuta mikono. Akachukua nozo moja, akainua kwenye mwanga akachungulia kile kitundu.

"Ni nzuri. Orijino?"

"Orijino."

Akairudisha kwenye mfuko. Kulikuwa na wanawake wawili wanasubiri mandazi, wakawa wanatusikiliza. "Sasa nikilitia moto hili," aliniambia, "mandazi yangu nitayaweka wapi?"

Wale wanawake wakacheka. Lilikuwa neno zuri, na zamani ningecheka kuliko wote. Nikajaribu kucheka.

"Nisamehe," nikasema, chini chini.

Alikuwa anageuza mandazi kwenye karai, polepole, upande kwa upande. Akawahudumia wale wanawake. Akaja mzee mmoja wa machimbo ana vumbi la mawe kwenye kope, akamhudumia naye. Akamuuliza mgongo unaendeleaje. Kisha akanigeukia mimi kwa uso ule ule.

"Na wewe, mangapi?"

"Manne."

Akafungua mlango wa oveni, akatoa manne, akafunga kwenye gazeti. Nikalipa. Alipokea, akanirudishia chenji yangu, mkono wa kulia, kwa adabu.

Niliondoka nimeuacha ule mfuko kwenye benchi, makusudi. Nilikuwa nimefika barabarani niliposikia ananiita.

"Mama! We mama! Umesahau mzigo wako."

Watu waligeuka kunitazama. Nikarudi kuuchukua.